Usiandike Dola Kumi

Kuna ushauri unaozunguka kati ya wakusanyaji wa komiki hapa Nairobi, na nimechoka nao. Ukitaka kutuma kitabu chako Marekani kikapimwe gredi, mtu atakunong'oneza: pale kwa mstari wa thamani, andika dola kumi. Andika ishirini ukijisikia tajiri. Weka alama kwa kisanduku cha "zawadi", usijisumbue. Anayekuambia hivyo huongea kama mtu anayekuonyesha kichochoro cha kupita nyuma ya soko, na kwa vile sisi ni watu wa vichochoro, tunashukuru na kuandika kumi.

Mimi nasema ushauri huo ni wa kukupora, tena bila mwizi kujisumbua kutoa kisu. Anayefaidika nao si wewe. Ni kila mtu atakayekishika kitabu chako kati ya hapa na Florida.

Kwa ambaye hajaingia kwa huu ugonjwa wetu, nieleze haraka. Kampuni yenye jina kubwa zaidi katika kazi hii ni CGC, iko Sarasota, Florida, na ilianza mwaka 2000. Unawatumia komiki, wanaikagua ukurasa kwa ukurasa, wanatazama mikunjo ya mgongo, kutu kwa stepo, rangi iliyochuja, kona zilizochoka. Kisha wanaipa alama kutoka 0.5 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu. Ukilivunja kasha, gredi imekufa. Tofauti kati ya 9.4 na 9.8, ambayo mimi na wewe hatungeiona hata tukiwa na tochi, inaweza kuwa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Ndio maana mtu mwenye akili timamu hukubali kutuma karatasi nusu ya dunia.

Mimi huishi kwa kuandika vitu vya watu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo nimeandika maelezo ya viatu, hotuba za harusi, wasifu wa wagombea wa MCA ambao hawakupita, na nimejaza fomu nyingi. Fomu za komiki zilianza na rafiki mmoja wa Eastlands, fundi wa simu, mwenye Giant-Size X-Men nambari 1 ya mwaka 1975. Mjomba wake alirudi nayo kutoka Marekani ndani ya sanduku la nguo. Hiki ndicho kitabu ambamo Storm alitokea mara ya kwanza, Ororo, ambaye katika hadithi mama yake ni Mkenya na ambaye huabudiwa kama mungu wa mvua huku kwetu kabla Profesa X hajaja kumchukua. (Mchoraji alichanganya nyika zetu vile Wamarekani huzichanganya. Tumesamehe. Ni wetu.) Bei ya jaladani ilikuwa senti 50. Leo nakala safi huuzwa kwa maelfu ya dola. Na mtu wa kwanza aliyemshauri fundi wetu, mtu anayejiita mjuzi, alimwambia aandike dola 50.

Hebu tuangalie ule mstari unasomwa na nani.

Unasomwa na wapimaji wenyewe. Ada zao hupangwa kwa madaraja ya thamani: kitabu cha bei ndogo daraja la chini, cha bei kubwa daraja la juu, na vile ghali kabisa hutozwa asilimia ya thamani. Kwa hivyo kuna ambao hupunguza ili kukwepa ada. Lakini hawa watu kazi yao ya kila siku ni kujua bei. Wakifungua bahasha na kukuta kitu cha dola elfu tatu kilichoandikwa hamsini, hawatakupigia makofi kwa ujanja. Watakihamisha daraja na kukutoza tofauti. Umelipa kama mtu wa elfu tatu, na karatasi yako ya safari bado inasema hamsini.

Unasomwa pia na msafirishaji, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Tunadhani kutangaza thamani ni kukata bima. Sivyo. Soma masharti ya FedEx au UPS, yameandikwa wazi kwa herufi ndogo: thamani iliyotangazwa ni kikomo cha wajibu wa kampuni, si bima. Usipotangaza kitu, wajibu wao kwa kawaida huishia dola 100. Ukitangaza zaidi, unalipa kidogo zaidi, na kikomo kinapanda. Lakini kuna vitu, na vitu vya wakusanyaji vimo, ambavyo FedEx hukuwekea dari hata ukitangaza mlima. Kwa hivyo swali la kwanza kwa kaunta si "ni pesa ngapi kutuma?" Swali la kwanza ni "kitu cha aina hii kikipotea, mwisho wenu ni ngapi?" Kama mwisho wao hautoshi, tafuta bima ya kando, ya bidhaa zilizo safarini, kwa wakala wa bima. Zipo. Mawakala wetu huzijua kwa kontena za magari na majani chai. Ukiwatajia kitabu cha katuni watacheka kwanza. Ngoja wamalize kucheka.

Na usipotangaza chochote kabisa? Kwa usafiri wa ndege kati ya nchi na nchi kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo. Huo mkataba hupima mzigo kwa kilo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kila kilo, yaani ile sarafu ya hesabu ya IMF, ambayo ukiigeuza inafika kama dola 35. Komiki moja na makadibodi yake yote haifiki nusu kilo. Piga hesabu. Storm, na mvua zake na radi zake, analipwa shilingi elfu mbili na kidogo, bei ileile ya nusu kilo ya misumari iliyopotea. Mkataba wenyewe umekuachia mlango mmoja wa kutoka kwa hiyo mizani: utoe tamko maalum la thamani unapokabidhi mzigo, na ulipe nyongeza ikitakiwa. Mlango ndio ule mstari. Ule ambao wajuzi wanakwambia uandike kumi. (Vifurushi vya posta vina kanuni zake za fidia, lakini navyo havikulipi zaidi ya ulichoandika.)

Najua mtu yaliyemkuta. Sitamtaja, na kampuni sitaitaja. Alituma vitabu sita, ndani yake kimoja cha Black Panther cha miaka ya 70 alichokitafuta kwa miaka. Aliandika dola 20 kwa jumla kwa sababu aliambiwa ndivyo watu hufanya. Kifurushi kilionekana mara ya mwisho kwa skrini kikiwa "kimeondoka kituoni", halafu kimya. Baada ya wiki kadhaa za barua pepe alilipwa dola 20. Kamili, bila kupunguzwa hata senti. Alipolalamika, yule wa simu alimsomea maandishi yake mwenyewe. Angejibu nini? Kwamba alidanganya? Hapo ndipo ubaya wa dola kumi ulipo: siku ya shida, ushahidi dhidi yako umeuandika kwa mkono wako na kuupiga sahihi.

Nasikia wale wa "lakini nina bima ya nyumba" na "lakini angalau nitapata kitu". Angalau, ndugu yangu, ni neno la hatari kwa bima. Sera nyingi za mali zina kifungu cha wastani. Maana yake ni hivi: ukikata bima ya chini ya thamani halisi, kampuni inakuhesabu wewe kuwa mwenye bima wa sehemu iliyobaki. Tuseme mkusanyo wako ni wa shilingi 100,000 na uliandika 40,000. Bomba linapasuka, hasara ni 50,000. Wewe unangoja 40,000 yako yote. Utapata 20,000, kwa sababu ulijiwekea bima ya asilimia 40 tu na asilimia 40 ya hasara ndiyo yao. Hakuna aliyekuibia. Ni hesabu ya darasa la sita.

Basi tuandike ngapi? Hapa wakusanyaji hugawanyika makundi mawili na yote huninyima usingizi. Kundi la kwanza nimeshalitaja. Kundi la pili ni la ndoto. Jamaa mmoja aliniletea X-Men nambari 1 ya mwaka 1991 akitaka niandike dola 5,000 kwa sababu "ni nambari moja, na ni ya zamani". Kitabu hicho kiliuzwa zaidi ya nakala milioni 8. Kina rekodi ya Guinness kwa kuuzwa sana. Kimejaa duniani kama mifuko ya plastiki kabla ya marufuku. Bima hukurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, haikupandishi ngazi. Ukiandika elfu tano, unalipia elfu tano, na siku ya kudai utaulizwa: thibitisha. Utathibitisha na nini, hisia?

Msimamo wangu ni huu. Andika gharama ya kununua leo nakala nyingine kama hiyo, katika hali ambayo mtu asiyekupenda angekubali. Si 9.8 unayoiombea usiku. Kama macho yako na ya mwingine mmoja yanasema ni kati ya 7 na 8, chukua mauzo ya karibuni ya 7. Mauzo, si bei ambazo watu wamebandika wakingoja mjinga. Kitabu cha bei cha Overstreet kimekuwepo tangu 1970, na rekodi za minada zinapatikana. Chapisha kurasa hizo, weka tarehe. Piga picha ya mbele, nyuma, mgongo, kurasa za katikati, na kasoro zote bila aibu, kwa sababu kasoro ndizo zitakazothibitisha kwamba kitabu kilichookotwa mahali fulani ni chako. Kisha, na hili husahaulika, kikisharudi na gredi, thamani imebadilika. Ile karatasi ya kwenda haifai kurudi nayo. Waambie wapimaji kiasi kipya cha safari ya kurudi kabla hawajafunga sanduku.

Thamani huoza kama maziwa, ila mara nyingine huoza kwa kwenda juu. Nicolas Cage alinunua Action Comics nambari 1 mwaka 1997 kwa karibu dola 150,000. Iliibiwa nyumbani kwake mwaka 2000. Ilipatikana 2011 ndani ya chumba cha kuhifadhia mizigo huko California, na kabla ya mwaka kuisha ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.1. Aprili 2024 nakala nyingine ya kitabu hichohicho, yenye gredi ya 8.5, ilikwenda kwa dola milioni 6. Kilitoka mwaka 1938 kwa senti 10. Kama wewe bado unatumia makadirio ya mwaka ule filamu ya Black Panther ilipotoka, una karatasi ya 2018 inayolinda kitu cha leo, au inayokulipisha kwa kitu ambacho bei yake ilishashuka. Yote mawili yametokea.

Sasa nije kwa pingamizi la kweli, maana lipo na si la wajinga. Ni forodha. Kitabu chako kikirudi Nairobi kimeandikwa dola 3,000, kuna ofisa atakayekisoma kama kitu ulichonunua na atakutaka ushuru na VAT ya asilimia 16 kwa mali yako mwenyewe, uliyoitoa nyumbani kwako. Nimesimama kwa dirisha moja la aina hiyo nikieleza kwa nusu saa kwamba kitabu kilitoka hapa. Ofisa aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mtu apeleke kitabu Marekani kikafungwe plastiki. Sikuwa na jibu fupi. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua, hiyo asilimia 16 ni chakula, na siwezi kumhubiria kijana wa Kayole kuhusu uadilifu wa fomu huku nikijua mfuko wake.

Lakini angalia dawa yenyewe. Kudanganya forodha ni kosa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na mali yenyewe inaweza kutwaliwa. Unahatarisha kitu chote ili kuokoa sehemu yake. Wakati huohuo utaratibu wa kutoa bidhaa kwa muda na kuirudisha upo; unachohitaji ni kuianza safari vizuri: tangaza unapotoka, si unaporudi. Fomu za posta zenyewe, CN22 kwa vitu visivyozidi SDR 300 na CN23 kwa vinavyozidi, zina visanduku: zawadi, nyaraka, sampuli, bidhaa za kuuza, bidhaa zinazorudishwa, mengineyo. Kitabu chako kinaporudi si zawadi. Hakuna aliyekuzawadia. Ni bidhaa inayorudishwa, na ukiwa na karatasi ya kutoka yenye maelezo yaleyale na thamani inayolingana, una la kubishana nalo. Ukiwa uliondoka na dola kumi na unarudi na elfu tatu, wewe ndiye utaonekana mfanyabiashara ya magendo. Na huko Marekani nako, tangu 29 Agosti 2025 waliposimamisha msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800, ule mstari unasomwa kuliko zamani.

Ugomvi wangu na serikali, basi, ni kwamba utaratibu huo unajulikana na kampuni za mashine na warusha filamu, na mtu wa kawaida kwa dirisha haambiwi. Bandikeni karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili. Si ombi kubwa.

Kuna kitu kingine kwa hili jambo ambacho hakinitoki. Mpaka hapa nimeongea juu ya vitabu vya Wamarekani, ambavyo vina bei kwa sababu Wamarekani walikaa chini wakaziandika. Vyetu je? Gazeti la Joe, la Terry Hirst na Hilary Ng'weno, lilianza 1973 na kwisha kabla ya muongo kwisha. Pichadithi za miaka ya 80, zenye Lwanda Magere, tulizikuta zimefungiwa mandazi. Shujaaz ilipoanza 2010 ilitolewa bure, ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa, kwa Sheng, na wengi wetu tuliisoma tukaifunika sufuria nayo. Kitu kilichotolewa bure unakiandikia ngapi? Mjuzi wetu atasema sufuri, na safari hii atadhani hata hadanganyi.

Lakini bei ya jaladani haijawahi kuwa thamani. Action Comics ilikuwa senti kumi. Thamani ni gharama ya kupata nyingine, na jaribu basi kupata nakala nyingine ya Joe ya 1974 isiyo na shimo la mende. Zunguka wauza vitabu wa barabarani wote, kuanzia Tom Mboya hadi Gikomba, urudi uniambie. Kukosekana kwa kitabu cha bei hakumaanishi kitu hakina bei. Kunamaanisha wewe ndiye wa kwanza kuiandika, na kila fomu unayoiandika vizuri inakuwa mojawapo ya kumbukumbu chache ambazo mthamini wa kesho atazikuta. Ukiandika sufuri, atakuta sufuri.

Mama ana nakala 19 za Joe zilizokuwa za babu. Mnunuzi mmoja aliniwekea shilingi 2,500 mkononi kwa moja tu. Nikazirudisha, lakini nikamwomba aniandikie kiasi hicho kwa ujumbe, na ujumbe ninao. Mwezi uliopita nilipeleka mbili kwa kaunta moja mjini ziende kupimwa, kwa sababu wapimaji hupokea magazeti pia. Dada wa kaunta alizitazama akasema hizi ni gazeti za zamani tu, tuandike hazina thamani ya kibiashara, itakuwa rahisi kwako. Nikamwambia aandike shilingi 5,000. Akamwita msimamizi. Msimamizi akauliza nani amesema ni 5,000. Nikamwonyesha ujumbe, picha, na hesabu: mbili mara 2,500. Akasoma, akakuna kichwa, akaniambia basi kuna nyongeza ya kulipa. Nikalipa. Risiti imeandikwa "magazeti ya katuni, Kenya, 1974, nakala 2, KSh 5,000", na iko ndani ya bahasha moja na hizo 17 zilizobaki.